Chumba Kisicho na Mlango

Mashine ya gemu iliingia nyumbani kwa fundi friji ikiwa ndani ya ndoo, imefunikwa mashuka machafu. Mkewe, msusi, ndiye aliyeibeba, mchana kweupe, akisalimia majirani na kumjibu mmoja aliyetaka kujua kama bomba la kwao limekauka. Hakuwa ameiba. Mteja wake, mwalimu aliyehamishwa kikazi, alikuwa amejaza gari la mizigo hadi likakataa kufungwa, akamwambia chukua hii na mfuko wake wa sidii, wanao watafurahi. Lakini msusi alimjua mumewe, na aliwajua watu wa kanisani kwao. Mumewe alikuwa mzee wa kanisa. Kitu kama kile hakiingii kwa mzee wa kanisa kikiwa wazi.

Jioni fundi aliikuta mezani, kati ya kopo la sukari na kitabu cha nyimbo.

"Hii nini?"

"Gemu, Baba Chiriku. Ya watoto."

"Najua ni gemu. Nauliza imefuata nini kwangu."

"Imefuata watoto."

Fundi akavuta kiti, akakaa bila kuvua koti la kazi. "Karibu na karakana yangu kuna banda la gemu. Watoto wanatoka mle macho mekundu, wanatukana mpaka mbuzi. Ndicho unachoniletea ndani?"

"Ndiyo maana nimekileta ndani. Wa kwetu naye ameshaingia bandani."

"Nani?"

"Chiriku. Aliingia na wenzake siku moja baada ya shule. Aliniambia mwenyewe, hata sikumuuliza. Sasa nijibu, baba watoto. Mtoto anayekuja kwa miguu yake kukwambia nimeingia bandani, huyo ni wa kufungwa kamba au ni wa kukaa naye?"

Fundi alimtazama binti yake, aliyekuwa jikoni akifuta sahani ileile muda wote, na mdogo wake, Kitinda, aliyekwisha kuijua mashine kwa kuigusa kila tundu kwa kidole. Binti aliitwa Chiriku kwa sababu hakunyamaza. Akitoka shule alianza kusimulia angali getini, nani kapigwa, nani kalia, mwalimu gani kavaa viatu visivyofanana, na habari ilipofika mwisho mama yake alikuwa amemaliza kichwa kizima cha mteja.

"Haya," fundi akasema. "Kila sidii uipime kwanza mwenyewe. Yenye damu, toa. Yenye uchawi, toa. Yenye wasichana nusu uchi, hiyo usinionyeshe hata mimi."

"Na ya mpira?" Kitinda akauliza.

Fundi akakohoa. "Mpira hauna neno."

"Tukae wote Jumamosi tuchague," mkewe akasema. "Na wewe uone."

"Jumamosi nina kikao cha paa la kanisa."

"Jumapili jioni?"

"Tunatembelea wagonjwa."

"Jumatatu?"

"Mama Chiriku, chagueni tu. Nakuamini."

Jikoni, sahani ikawekwa kabatini.

*

Msusi alifanyia kazi chumba cha mbele, palepale penye televisheni. Jumamosi alipomaliza mteja wa mwisho alifagia nywele, akatandika mkeka, akaketi na bintiye na mfuko wa sidii kati yao. Walikubaliana mafungu matatu: ya kucheza, ya kutupa na ya kumuuliza baba.

Ya kwanza ilikuwa ya magari. Msusi aliposhika rimoti aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Gari likapanda ukingo wa barabara, likamwangusha mtu aliyebeba mifuko.

"Nimegonga mtu! Chiriku, nimegonga! Simamisha, tushuke tumtazame!"

"Hakuna kushuka, mama. Endelea tu, polisi wanakuja."

"Niendelee wapi na nimeacha mtu chini?"

"Ukikimbia unapata pointi."

Msusi aliiweka rimoti chini. "Nikikimbia napata pointi. Tupa."

Kitinda alilia, akabembelezwa kwa ile ya mpira. Iliyofuata ilikuwa na picha ya maiti wanaotembea; msusi hakuifungua kabisa, alisema akiitazama atalala na nani na baba yao harudi mapema. Kisha ikaja ya msichana mwenye upanga anayepanda mlima kupigana na majitu.

"Mapigano," msusi akasema.

"Mbona kwenye Maandiko watu wanapigana kila ukurasa?"

"Wale walitumwa."

"Na huyu katumwa, mama. Soma hapo juu. Katumwa na mfalme."

Msusi alicheka hadi akalazimika kujifuta macho kwa upindo wa kanga. Sidii ikaenda fungu la kumuuliza baba. Fungu hilo lilikaa kando ya ukuta wiki nzima. Fundi aliliruka asubuhi akienda karakana na akaliruka tena usiku akirudi kwenye vikao, na hakuna siku aliyouliza lile ni fungu la nini.

Ya mwisho mfukoni ilikuwa gemu ya nyumba. Unapewa kiwanja, unajenga, unaweka watu ndani. Watu wanapika, wanaoga, wanakwenda kazini, wasipolala wanachoka, wasipozungumza wananuna. Hakuna mshindi wala mshindwa. Msusi aliiangalia muda mrefu, akaona mwanamke wa kwenye gemu akiosha vyombo alivyotumia.

"Hii ndiyo gemu sasa," akasema. "Hii hata mchungaji anaweza kuicheza."

*

Ikawa ndiyo desturi yao. Chiriku akimaliza kazi za shule aliwasha gemu ya nyumba, mama yake akisuka, na wateja nao wakachangia: wekeni jiko karibu na dirisha, sebule hiyo ndogo, huyo mama hana shamba la maua? Chiriku alijenga nyumba ya watu wanne. Wateja hawakuwajua, lakini msusi aliwajua. Hata kitambaa cha kichwa cha yule mama kilikuwa na rangi ya cha kwake.

Siku moja hakukuwa na mteja. Msusi alikuwa akichana nywele za bandia, akainua macho kwenye televisheni. Mwanamume wa kwenye gemu alikuwa akizunguka chumbani, anakwenda ukutani, anarudi, anapunga mikono.

"Huyu ana nini?"

"Anataka kutoka."

"Si atoke?"

"Hakuna mlango."

Msusi akasogea. Kweli, chumba kilikuwa na kuta nne na dirisha pana, mlango hakuna. Ndani mlikuwa na kitanda kizuri, meza, chakula, bafu, na televisheni kubwa kuliko ya familia.

"Huyu ni baba?"

Chiriku aliinamisha uso, akaitikia kwa kichwa.

"Mwanangu. Umemfungia baba yako?"

"Nilimwekea mlango mwanzoni, mama. Nikimwekea anatoka. Anakwenda kazini, anarudi, kabla hajala anatoka tena. Hawa wanamsubiri mezani, angalia, wanakasirika, huyu mdogo analia. Nikafikiri nitengeneze chumba ambacho ana kila kitu. Hakosi kitu, mama. Na dirisha ni kubwa ili tumwone. Sasa angalau yupo."

Msusi alitaka kucheka, kicheko kikageuka njiani. Alimvuta binti yake akamkalisha kati ya magoti yake, kama anayetaka kumsuka, akawa anampapasa kichwa tu.

"Usimwambie baba," Chiriku akasema.

"Simwambii."

"Usimwambie mtu yeyote. Watadhani vibaya."

"Hapa ni kaburini, mwanangu. Kinachoingia hakitoki."

Na alipokuwa akisema hivyo, alimaanisha.

*

Alhamisi akina mama walikutana katika chumba cha nyuma cha kanisa. Mwenyekiti wao alikuwa nesi mstaafu, ambaye hakuacha kumtazama mtu kama anayetafuta mahali pa kumchoma sindano. Somo la siku hiyo lilikuwa malezi.

"Tumesikia," nesi akaanza, "kuna nyumba imeingiza mashine ya gemu. Nyumba ya mtumishi. Mama Chiriku, au tumesikia vibaya?"

Hawakusikia vibaya. Kitinda alikuwa amemshukuru Mungu kwa mashine hiyo, kwa sauti, kwenye maombi ya watoto.

"Ni kweli," msusi akasema. "Lakini tunachagua. Nakaa na binti yangu, tunaangalia moja moja, zisizofaa tunatupa."

"Nyoka naye unamchagua kwa rangi?"

Wakacheka. Msusi akacheka nao, kwa kuwa asingecheka angeonekana amechukia. Mke wa mwenyekiti wa kamati ya paa hakucheka. Yeye aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya asiyotaka kununua.

"Mashine kama ile si hela ndogo, eti?"

"Nilipewa. Mteja wangu alikuwa anahama."

"Alikuwa anahama. Kwa hiyo hata wa kumuuliza hayupo." Akarekebisha mkoba mapajani. "Mimi sina neno, mwenzangu. Ila mzee wako ndiye anayeshika sadaka ya paa, na watu hawana dogo. Wataanza kujiuliza."

Kwa miaka yote aliyokaa kwenye viti vile vya kukunja msusi alikuwa yule anayesukwa na maneno ya wengine. Hakuwa na elimu ya nesi wala duka la mke wa mwenyekiti, alikuwa na vidole vyake tu, na nusu ya wanawake waliokuwa mle walikuwa wamewahi kukaa sakafuni kwake wameinama, wakisukwa. Sasa walikuwa wamemgeuzia macho, na jina la mumewe lilikuwa linachezewa juu ya vichwa vyao kama mpira wa makaratasi. Alihitaji kuwapa kitu kingine cha kutazama.

"Nyinyi mnanicheka," akasema. "Mimi hiyo gemu imenifunulia moyo wa mwanangu. Mnajua amejenga nini? Amejenga nyumba. Katuweka wote. Baba yake kamweka chumba peke yake, kamjengea kuta pande zote. Hakuna mlango. Baba anazunguka mle anapunga mikono, na mtoto anamtazama."

"Yesu wangu," mmoja akasema.

Sentensi inayofuata alikuwa nayo mdomoni. Lakini mbele yake alikaa mke wa mwenyekiti wa kamati ya paa, na kando yake mke wa katibu, na kueleza kwa nini mtoto alifanya vile kulikuwa ni kuwaambia wanawake wale kwamba mzee wa kanisa hakai nyumbani kwake, kwamba anawajua wagonjwa wa mtaa mzima na hajui fungu la sidii lililo kando ya ukuta wake. Akaimeza.

"Niombeeni," akasema.

Waliinuka wote. Nesi mwenyewe alimshika kichwa, mke wa mwenyekiti akamkumbatia akalia, machozi ya kweli. Hakuna aliyekumbuka sadaka ya paa. Msusi naye alilia, na ndani ya kilio hicho kulikuwa na raha aliyoiona baadaye tu, njiani akirudi nyumbani: kwa mara ya kwanza walikuwa wamemzunguka yeye.

*

Jumapili mchungaji alihubiri juu ya kuwaheshimu wazazi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameletewa habari nusu, naye alitaka kusaidia.

"Kuna mtoto humu kanisani," akasema, "simtaji jina. Mtoto huyu, kwenye michezo hii ya kisasa, amemfungia baba yake mzazi chumba kisicho na mlango. Kaburi, wapendwa! Mtoto anamzika baba yake angali hai, na anaita mchezo!"

Vichwa vikaanza kugeuka. Fundi, aliyekaa mbele na wazee wenzake, aligeuka pia, kwa huruma, kutazama ni nyumba ya nani iliyopatwa na jambo hilo. Aliona watu wanamtazama yeye.

"Hatuaibishi mtu, tunaombea," mchungaji akasema. "Mzee wetu, simama. Njoo na familia yako."

Wakaenda. Kitinda alishika suruali ya baba yake. Chiriku alitembea wa mwisho, na walipopanga mstari alisimama kando ya mama yake, akamtazama usoni. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa akisubiri. Mama yake ndiye aliyeyatoa maneno yale, hilo lilijulikana, maana hakuna mwingine aliyekuwa nayo, sasa atayamalizia.

Mchungaji akainama. "Binti, usiogope. Unamchukia baba yako?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini ulimfanyia vile?"

Chiriku alifungua mdomo, akaufunga. Aliona kiatu cha baba yake, kilichopakwa rangi alfajiri, kikitetemeka kidogo kwenye kisigino.

"Mama anajua," akasema.

Mchungaji akainuka na kipaza sauti. "Mama?"

Msusi aliona wanawake wa Alhamisi wote kwenye safu moja, vitambaa mkononi, wakimtikisia vichwa kumpa moyo. Aliona mwenyekiti wa kamati ya paa. Alikiona kipaza sauti.

"Tumwombee tu, mchungaji," akasema.

Mikono ikawekwa juu ya kichwa cha Chiriku, mingi, hata akapinda magoti. Walikemea roho ya uasi, walikemea roho ya mauaji. Msichana hakufumba macho. Alimtazama mama yake kupitia katikati ya mikono ya watu, mpaka walipofika kwenye amina.

*

Nyumbani fundi hakuvua suti. Alivuta kiti mbele ya televisheni.

"Nionyeshe."

Chiriku aliwasha. Yule mwanamume alikuwa bado anazunguka. Fundi alimtazama akienda ukutani na kurudi, akatazama kitanda, chakula, televisheni kubwa, kisha akaona upande wa pili wa dirisha watu watatu, wamesimama, wanatazama ndani.

"Nilikukosea nini, mwanangu?"

"Mama anajua," Chiriku akasema tena, kwa sauti ileile ya kanisani, akaingia chumbani na mdogo wake.

Ndipo msusi aliposema. Alisema yote, mwanzo hadi mwisho, amesimama kando ya kabati la vyombo vya kazi, akikunjua na kukunja taulo. Alipofika kwenye maneno "sasa angalau yupo," fundi aliondoa macho kwenye televisheni. Simu yake ikaita mfukoni. Ikaita ikakatika, ikaita tena.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku aliyokijenga."

"Na sababu uliijua."

"Niliijua."

"Ukaniacha nisimame pale mbele, mbele ya watu wote, najiuliza mtoto wangu nilimfanya nini."

"Walikuwa wanaanza kusema mambo ya sadaka, Baba Chiriku. Walitaka kukuchafua. Na ningemalizia ningekuaibisha wewe. Ningesema nini? Kwamba hukai nyumbani?"

"Kwani ni uongo?"

Msusi akaikunja taulo upya.

"Palikuwa na aibu ya mtu mmoja pale," fundi akasema. "Ilikuwa yangu. Nilistahili kuibeba. Wewe ukachagua wa kumtwika, ukamtwika mtoto."

Alisema vile, na ilikuwa kweli. Lakini kesho yake mchungaji alipompigia kwamba mashine ile ipelekwe kanisani, waumini waione imetoka nyumbani kwa mzee wao, fundi alijikuna kichwa, akazunguka karakana, na jioni akaja na gunia. Hakuwa na ubavu wa kurudi mbele ya kanisa na kusema, binti yangu hanichukii, alikuwa ananitaka. Chiriku mwenyewe ndiye aliyechomoa nyaya, akazikunja vizuri, akazifunga kwa vitambaa vya nywele ili zisijichanganye. Msusi alitaka kumsaidia.

"Nimeshamaliza, mama," akasema. "Asante."

*

Fundi alijitoa kwenye kamati ya paa. Alisema mgongo unamsumbua. Jioni alizokuwa huru alichora drafti kwenye ubao, akakusanya vizibo vya soda, akacheza na wanawe, na kwa kuwa hakuwa mjuzi Chiriku alimla kete zote. Kitinda alikuwa mwamuzi na alikuwa haambiliki. Ilichukua muda mfupi kicheko cha binti na baba kusikika mpaka barabarani. Kumsamehe baba hakukuwa na kazi kubwa. Baba hakuwahi kumwahidi kitu.

Kwa mama ilikuwa adabu. Shikamoo ya asubuhi, shikamoo ya jioni. Akiitwa aliitika. Akitumwa alikwenda na kurudi na chenji kamili. Mama akimuuliza habari za shule alijibu nzuri, na kweli zilikuwa nzuri, ila hazikuwa na watu ndani yake; hakuna aliyepigwa, hakuna aliyelia, walimu wote walivaa viatu vinavyofanana. Wateja walimsifu kwamba amekuwa mkubwa, ametulia. Maombi yamefanya kazi, wakasema.

Msusi alijaribu. Alhamisi moja alisimama katika chumba cha nyuma, akasema anataka kurekebisha neno. Alieleza sababu ya chumba kile, yote, hata habari ya baba asiyekaa nyumbani. Nesi alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande.

"Mama Chiriku, mbona unafukua? Lile tulishaliombea, likaisha. Mtoto si ametulia?"

"Lakini halikuwa vile."

"Hata kama. Si limekuwa fundisho kwa wengine?" Akageukia wenzake. "Na kwa kweli nilikuwa nataka tuseme. Mchungaji anataka akina mama watatu wa kushauri wazazi kuhusu michezo inayofaa watoto, ipi iingie nyumbani na ipi isiingie. Nani ana uzoefu kuliko Mama Chiriku?"

"Sifai," msusi akasema.

Wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake.

Jioni alimwita bintiye, akamwambia, "Leo nimewaambia ukweli wote. Mbele yao wote."

"Asante, mama," Chiriku akasema. Akasubiri kidogo, kama kuna la kutumwa, na lilipokosekana akarudi kwenye vitabu vyake. Msusi angependa zaidi kama angemtukana.

*

Siku za mvua zilipokuja wateja walipungua. Jirani yao mshonaji, ambaye duka lake lilikuwa nyumba ya tatu, alikuja Ijumaa kusukwa. Alikaa sakafuni, akaegemeza mgongo, akanyoosha miguu, akahema kama mtu aliyefika.

"Halafu hongera, mwenzangu," akasema. "Nilisahau kukupa hongera."

"Ya nini tena?"

"Ya mwali wako! Amekua. Jumanne alinijia pale dukani, kajifunga sweta kiunoni, anatetemeka mtoto wa watu kama kifaranga. Nikamwambia, usilie, hujaumwa wewe, umevunja ungo. Nikampa vya kujistiri, nikampikia maji ya moto, nikamweleza yale yote anayotakiwa kujua. Akaniuliza maswali, huyo! Maswali mpaka nikaona aibu mimi." Akacheka. "Nikamuuliza, mbona hukwenda moja kwa moja kwa mama? Akasema mama ana wateja. Nikasema basi, ukifika tu mweleze. Alikueleza, eti?"

Vidole vya msusi vilikuwa katikati ya mstari. Alivuta nywele kidogo, akaongeza za bandia, akapitisha ya kulia juu ya ya katikati.

"Alinieleza," akasema.

"Ndivyo inavyotakiwa. Mtoto wa kike na mama yake wasifichane."

"Ni kweli."

"Nisukie ndogo ndogo basi, zikae."

"Sawa."

Jumanne ile hakukuwa na mteja hata mmoja. Msusi alikuwa ameketi kizingitini mchana kutwa, mikono mapajani, akiitazama mvua ikianza na kukoma, akitamani hata mtu wa kuuliza bei. Binti yake alipita pembeni yake akitoka shule, sweta kiunoni, uso mkavu. Alisema shikamoo mama. Naye akaitikia marahaba, akajisogeza kidogo ili mtoto apate nafasi ya kupita.